Apolline na Mtu wa Nguo Nyeupe

Kitamili Apolline hakijui. Hajui hata neno la kuombea maji. Na bado miaka yote hii watu wanatoka kando ya ziwa, wengine wanashuka kutoka kule juu kwenye mawe, wanakuja kubanana kwenye mabenchi ya salle ya Thierry, ukumbi wake wa sinema, ili wamsikie yeye akieleza Wahindi wanasema nini. Ukitaka kucheka, cheka, lakini kwanza nenda ukakae pale siku ya Jumamosi mchana, joto likukabe shingo, halafu urudi uniambie kama hukulia na wenzako.

Alianzia nje ya mlango. Alikuwa na karai lake la kukaangia ndagala, wale dagaa wa ziwani, na mihogo, mjane mwenye binti mmoja, Ushindi, na mdomo ambao majirani walisema ungefaa redioni. Mfasiri wa salle wakati huo alikuwa Sévère, mwanaume wa sauti moja tu. Bibi arusi, polisi, mtoto mchanga, ng'ombe, wote walizungumza kama Sévère aliyeamshwa usingizini. Siku moja Sévère akapanda gari la Bukavu bila kuaga. Watu wako ndani, filamu imeshaanza, mabenchi yanapigwa ngumi. Apolline akaepua karai, akafuta mafuta mikononi kwa kitenge, akaingia, akashika mikro. Bibi arusi wa kwenye filamu alipofungua kinywa, ikatoka sauti ya bibi arusi. Salle nzima ikalipuka kwa shangwe, na kuanzia siku hiyo ndagala zikakaangwa na mtu mwingine.

Kazi yake ilikuwa na utaratibu. Asubuhi, salle ikiwa tupu, aliangalia filamu yote peke yake, mwanzo mpaka mwisho, bila kusema neno. Hakuangalia midomo, ingemsaidia nini? Aliangalia macho: nani anakwepa macho ya nani, nani anacheka kwa meno tu, nani analia watu wakimtazama na kunyamaza wakiondoka. Mchana akawapa majina. Steringi alipewa jina la kijana mwema wa mtaani, na kijana huyo wiki nzima hakupita sokoni bila kushangiliwa. Adui hakupewa jina la mtu wa pale hata siku moja. Hiyo ilikuwa sheria ya salle, maana kabla ya sheria hiyo kulikuwa na fundi baiskeli aliyevunjwa jino kwa makosa ya jambazi mmoja wa kwenye sinema aliyeitwa kama yeye.

Sasa tuje kwenye mabati.

Mwaka ule ziwa lilipopanda na kumeza nyumba za avenue ya chini, watu walilala makanisani, wakalala mashuleni, wakalala kwa ndugu mpaka undugu ukachoka. Apolline mwenyewe alibaki na kuta mbili na mlango wa kufungulia hewa. Ikaundwa kamati ya watu waliopatwa na maji, na kiti akapewa Papa Rémy, kiongozi wa kwaya, mtu wa miwani na mashati meupe, ambaye haanzi kusema kabla hajakohoa mara mbili. Mabati ya msaada yakaja kwa lori, yakawekwa stoo, na siku ya kugawa ikaonekana nusu hayapo. Waliobahatika walibeba yao, kila bati na chapa ya rangi ya bluu upande wa chini. Waliobaki, Apolline akiwemo, wakasimama mikono mitupu.

Rémy akakohoa. "Wapendwa, tukuwe na subira," akasema. "Mengine iko njiani."

Subira! Apolline alilala misimu miwili ya mvua chini ya turubai lenye matundu, na njia hiyo haikuleta hata msumari.

Halafu nyumba ya Rémy ikaezekwa upya.

Mabati yaling'aa mpaka ukitoka ziwani ulilazimika kufumba macho. Apolline alisimama pale njiani na ndoo yake kichwani, akayatazama. Kuanzia siku hiyo hakuna alichofanya Rémy kikawa safi machoni pake. Akimsalimia, anajipendekeza. Asipomsalimia, ana la kuficha. Laurette, mke wa Rémy, ambaye walikuwa wakisukana nywele kila Jumapili, akaacha kupita. "Unaona?" Apolline alimwambia Ushindi. "Haya inamufunga miguu." Kumbe mwenzake alikuwa na mimba pevu na miguu imevimba kweli, na mtu yeyote angeweza kumwambia kama angeuliza. Hakuuliza. Mtu akishashuku haulizi, anakusanya tu.

Ndipo Thierry akaleta ile filamu.

Thierry, mwenye salle, mtu wa tumbo na vicheko, anayenunulia watu chai bila kuombwa, aliipata Bujumbura kwenye flash. "Hii haiko ya kuimba-imba, Mama Ushindi," akasema. "Hii ni ya politike. Bakubwa banaiba maji ya kijiji, batu banaamuka. Ni Kitamili hii, haiko Kihindi ya kila siku."

Tatizo lilikuwa moja. Kwenye flash kulikuwa na partie A tu. Nusu ya pili ilikuwa haijanakiliwa, ingekuja baadaye na mfanyabiashara mwingine. Apolline akakataa palepale. Tangu siku ile Sévère alipokimbia, hajawahi kufasiri filamu ambayo hajaona mwisho wake, na hakuwa na nia ya kuanza uzeeni.

Lakini alikubali kuiangalia. Na alipoiangalia akamwona yule mtu: shati jeupe, kitambaa cheupe kiunoni, miwani, sauti ya upole. Kijiji kimekauka. Pesa za mabomba zimekuja na mabomba hayaonekani. Mtu wa nguo nyeupe anakaa na matajiri, anapokea begi, anatabasamu. Katapila linabomoa vibanda vya maskini, naye anatazama bila jicho kulowa. Bibi mmoja mzee anamshika miguu, yeye anamtoa mikono taratibu, anaingia garini. Hapo filamu ikakatika kwa pumziko, kama filamu zote za Wahindi.

Apolline alikaa gizani akihema. "Ni yeye," akasema. Alimaanisha nani, wewe na mimi tunajua.

Mchana ule salle ilijaa mpaka madirishani. Mtu wa nguo nyeupe alipotokea mara ya kwanza, Apolline akaisogeza mikro mdomoni, akakohoa. Akakohoa tena.

Kisha Mzee Marcellin, mvuvi aliyestaafu, mwenye benchi lake la mbele ambalo hakuna mwingine anayethubutu kulikalia, akaruka juu. "Aah! Minye namujua ule muntu!"

"Wapendwa, tukuwe na subira," alisema mtu wa nguo nyeupe kwa sauti ya Apolline. "Mabomba mengine iko njiani."

Kelele zilizopigwa zilisikika mpaka bandarini. Watu walicheka, walipiga miluzi, wanawake waligonga mapaja. Apolline akavimba kichwa. Alimpa kila kitu: namna ya kufuta miwani, namna ya kuita watu "wapendwa" huku akitazama pembeni. Bibi mzee alipomshika miguu, Apolline akalia kwa sauti yake mwenyewe, akilia kuta zake mbili na turubai lake, na hakuna aliyejua tofauti. Jina la Rémy hakulitaja hata mara moja. Sheria ilibaki nzima, haina mkwaruzo.

Asubuhi yake aliamshwa na mlio wa misumari inayong'olewa.

Alipofika, Marcellin na vijana wanne walikuwa juu ya nyumba ya Rémy, wanarusha mabati chini. Rémy alisimama uani bila miwani yake, anasema jambo ambalo hakuna aliyelisikia. Laurette alikuwa ameketi kwenye godoro lililotolewa nje, na kifuani ana mtoto wa siku chache. Alimwona Apolline. Akamfunika mtoto uso kwa kitenge kwa sababu ya vumbi.

Mabati yakarundikwa. Mama mmoja akageuza moja, akatazama upande wa chini. Halina chapa. Akageuza lingine. Safi. Watu wakatazamana, na kwa kitambo kidogo pale uani palikuwa na nafasi ya mtu kusema jambo la maana.

"Alisugua na petroli," Apolline akasema.

"Ee! Alisugua!" Watu wakapumua. Alisugua, mjanja huyu. Mdogo wake Rémy, Lionel, akaja mbio kwa pikipiki kutoka Luvungi, vumbi mpaka kwenye nyusi, akaapa kwa Mungu kwamba mabati yale ni ya mpunga wao, waliuza mavuno yote wakanunua. Watu wakamsikiliza kwa adabu. Ni ndugu yake, atasema nini kingine?

Wengine walitaka kumfukuza Rémy mtaani siku hiyohiyo. Marcellin ndiye aliyewazuia, na alijiona mtu wa haki sana. "Hapana, batu yangu. Haraka ya nini? Filamu haijaisha. Tungoje partie B, tuone mwisho yake. Kama ule muntu anaishia vibaya, na huyu ahame."

Nawe usiulize ni akili gani hiyo. Kila mtu aliona ni uamuzi mzuri, wenye busara na uvumilivu. Familia ya Rémy ikatandika turubai juu ya kuta, na mtaa mzima ukangoja flash kutoka Bujumbura.

Flash ilikuja na mvua. Apolline aliingia salle asubuhi, kanga imelowa mabegani, akawasha, akakaa kwenye benchi la Marcellin. Alikuwa na hamu ya kuona moto.

Aliuona. Wanakijiji wanamkamata mtu wa nguo nyeupe, wanamburuta, wanampiga mpaka nguo zinakuwa nyekundu. Anakufa kwenye matope, miwani imevunjika. Kisha inaonyeshwa jinsi ilivyokuwa: lile begi alilipeleka kwa hakimu bila kuligusa, alikuwa anakaa na wezi ili awashike. Bibi mzee alikuwa mama yake mzazi. Aliingia garini ndipo akalia, peke yake, vioo vimefungwa. Na mwizi? Mwizi alikuwa yule mnene ambaye tangu mwanzo wa filamu anawamiminia wanakijiji chai na kucheka nao, ambaye Apolline alimpa sauti ya kuchekesha na watu wakampenda.

Alijaribu kukumbuka kama aliona dalili yoyote machoni pa yule mtu siku ile, akakumbuka kwamba hakuangalia macho. Aliona shati, aliona miwani, basi.

Tone la maji likamwangukia mkononi. Juu kulikuwa na turubai jeusi, lililotandazwa chini ya paa ili salle iwe giza, na sasa lilikuwa limejaa kama tumbo kwa maji yaliyopenya kwenye matundu ya misumari. Apolline alichukua mti wa ufagio akalisukuma ili limwage maji pembeni. Kona ikafunguka, turubai likashuka, maji yakamwagika sakafuni.

Alitazama juu. Mabati yalikuwa na chapa ya bluu. Moja, na la pili yake, na lililofuata, safu nzima.

"Unatafuta nini huko juu?" Thierry aliuliza. Alikuwa mlangoni, mwavuli mkononi.

"Hizi mabati, Thierry."

"Nilinunua."

"Kwa nani?"

"Kwa muntu." Akafunga mwavuli polepole. "Muntu wa barabara, anauza, minye nanunua. Nilikuwa na paa la kuvuja, ao ulisahau? Na weye mwenyewe unakula chini ya hizo mabati, mutoto wako anasoma chini ya hizo mabati."

Thierry akapanda benchi, akaifunga kona ile kwa mikono yake mwenyewe, akakaza fundo mara mbili. Aliposhuka alikuwa anatabasamu tena.

"Niliiangalia partie B huko Bujumbura," akasema. "Mwisho yake ni mubaya. Batu hawataipenda. Leo ule wa nguo nyeupe abakie mwizi, vile ulimufanya."

"Lakini picha inaonyesha hana kosa."

"Picha inaonyesha muntu anapigwa. Kosa ni weye unaleta na mudomo yako." Akamgusa bega kidogo. "Mama Ushindi, tusisumbuane."

Sasa mfikirie huyu mwanamke, saa zote zile mpaka mchana. Thierry aliiba, au alinunua kweli? Alicheka kwa meno tu, ndiyo, lakini hata Rémy alikohoa tu. Apolline alikuwa ameshaujua ushahidi wake ulivyo, na alijiogopa. Akisema, anakosa kazi, na pengine anamchongea mwingine. Akinyamaza, jioni Laurette anabeba kichanga chake kwenye mvua kwenda asikojua. Mara mbili alisimama aende kwa chifu wa mtaa, mara mbili akakaa. Mpaka watu wanaanza kuingia, hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Walikuja wote. Rémy hakuja, lakini Laurette alikuja, mtoto mgongoni, akakaa benchi la mwisho, na watu wakasogea kumwachia nafasi kwa ukarimu ule unaotia hofu. Thierry alisimama mlangoni.

"Umumalize, Mama!" Marcellin akapaza sauti.

Filamu ikaanza. Mtu wa nguo nyeupe akakamatwa, salle ikashangilia. Akaburutwa, salle ikapiga miguu. Alipoangukia kwenye matope akafungua mdomo, na watu wote wakageuka kidogo kumwelekea Apolline, wanangoja kikohozi.

Hakukohoa.

"Sikuiba," alisema mtu wa nguo nyeupe, taratibu. "Nilikaa nao ili niwajue. Hata tone moja la maji yenu sikuiba."

Ikasikika mvua juu ya bati. Apolline akaendelea. Akaeleza begi na hakimu, akaeleza bibi mzee, akaeleza gari na vioo vilivyofungwa. Hakutia chumvi. Mlangoni Thierry alikuwa ameacha kutabasamu.

"Eh," Marcellin akasema, kama mtu aliyenyang'anywa sahani. "Sasa mwizi ni nani?"

Kwenye picha yule mnene alikuwa anamimina chai. "Anafanana na Thierry!" kijana mmoja akapiga kelele, na watu wakacheka, wakageuka kumtazama Thierry, wakacheka tena, safari hii kwa namna nyingine. Apolline alikijua kicheko kile. Alikisikia siku ile, kabla ya misumari.

"Munyamaze!" akasema ndani ya mikro. "Munisikilize. Minye sijue Kitamili. Sikujua siku ile, sijue leo. Yote nilikuwa nabuni. Hakuna kwenye filamu hata neno moja juu ya Papa Rémy. Hakuna neno juu ya muntu yeyote wa hapa."

Alitegemea makelele. Alitegemea watupe viatu. Marcellin akageuka kwenye benchi lake, akamtazama kwa huruma kidogo.

"Tunajua, Mama Ushindi," akasema. "Nani hapa hajue? Ni vile unasema muzuri. Endelea."

Na wengine wakaitikia: endelea, Mama, endelea. Walijua. Walijua siku zote, na walipanda juu ya nyumba ya watu wakijua.

Apolline alitazama nyuso zao zilizomulikwa na picha, zinangoja awape mtu. Hakuwa na mtu wa kuwapa. Alikuwa na kitu kimoja tu alichokiona kwa macho. Akachukua mti wa ufagio, akaupenyeza kwenye fundo, akavuta. Fundo likakatika, turubai likapasuka kutoka kona hadi kona, likawaangukia watu wa katikati pamoja na maji yake, na mwanga wa picha ukapanda mpaka kwenye paa. Chapa za bluu zilionekana kila mahali, kichwani kwa kila mtu.

Wale ambao nyumba zao zilikuwa na mabati ya msaada walizitambua, na wale waliokosa walizitambua zaidi.

"Nilinunua!" Thierry akasema. "Jamani, nilinunua!"

"Musimuguse," Apolline akasema. "Mumuulize. Mbele ya chifu, mumuulize alinunua kwa nani. Asiguswe."

Marcellin akavua kofia, akaitazama, akaivaa tena. Wengine walitazama sakafu. Pale nyuma Laurette alikuwa amesimama. Akaja katikati ya mabenchi, na watu wakampisha, mpaka akawa mbele ya Apolline, karibu kama siku za kusukana nywele. Hakutazama mabati. Alitazama fundo lililokatika, akatazama ufagio, akamtazama machoni.

"Uliyajua haya?"

Apolline alikuwa na sauti za watu wote duniani: za wake, za mahakimu, za watoto. Hakuna hata moja iliyokuja.

"Tangu asubuhi," akasema, na mikro ilikuwa bado mkononi, kwa hiyo salle yote ilisikia.